Bahari Inapopanda Mtoni

Wapendwa vijana wenzangu, leo naandika jambo ambalo nimelikwepa kwa muda mrefu. Kwa miezi saba nilihudhuria Misa kila Jumapili bila kupokea Komunyo. Wakati wenzangu wanapanga foleni mimi nainama kama mtu anayesali sana. Mama aliponiuliza nilimwambia tumbo linasumbua. Rafiki yangu nilimwambia nimechelewa, sikuwahi masomo. Sababu yenyewe nilikuwa naijua mimi na Mungu tu.

Nitaisema sababu hiyo, msijali. Ila kwanza niwapeleke Pangani, maana ndiko nilikoelewa nilikuwa naumwa nini.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka jana, Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya nne. Vijana wa parokia tuliandaa safari ya siku moja: tusali Njia ya Msalaba ufukweni, tutembee mji mkongwe, turudi. Kutoka Tanga mjini kwenda Pangani ni kama kilomita 50 kuelekea kusini, njiani mashamba ya mkonge yanakusindikiza. Ukifika unaukuta mji mdogo uliotulia, umekaa pale pale mto unapoingia Bahari ya Hindi. Upande huu mji, ng'ambo ya pili kilima na kijiji cha Bweni, na katikati kivuko kinachovusha watu, pikipiki na magunia.

Tulitembea mitaani. Nyumba za zamani zenye kuta nene, nyingine zimebanduka chokaa hadi mawe ya matumbawe yanaonekana. Milango ya kuchonga. Boma la zamani. Pangani ulikuwa mji mkubwa wa misafara katika karne ya 19: pembe za ndovu zilishuka hapa kutoka bara, na watu pia walishushwa hapa kuuzwa. Hata soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, biashara ile iliendelea kwa siri pwani hii, na mashamba ya miwa kandokando ya mto yalilimwa na watumwa. Hapa ndipo upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani ulipolipuka mwaka 1888, na hapa hapa Abushiri bin Salim alinyongwa mwezi Desemba mwaka 1889.

Mwenzetu aliyekuwa anatusimulia alisema neno moja likanichoma: "Hapa binadamu alikuwa na bei." Wote tukatikisa vichwa. Mimi nami nikatikisa, huku najisemea moyoni: watu wale walikuwa na roho gani jamani? Halafu nikakumbuka laki moja na themanini. Nikanyamaza.

Silinganishi kosa langu na utumwa, hapana. Lakini nilikumbuka kwamba na mimi niliwahi kuweka shida ya mtu upande mmoja na hela upande wa pili, nikachagua hela.

Mchana tulikodi boti tupande mto kidogo. Mwenye boti alikuwa mzee wa hapo hapo, Mwislamu, mcheshi kweli. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni, ila anayeogopa mamba akae katikati." Tukacheka, lakini wote tulisogea katikati.

Tulikwenda polepole kati ya mikoko na minazi. Mmoja wetu akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Mbona ya chumvi? Si tupo mtoni?"

Mzee akazima mashine, boti ikawa inaelea yenyewe.

"Hapa ni kawaida," akasema. "Maji yakijaa, bahari inaingia mtoni. Yakipwa, mto unaisukuma inatoka. Ndivyo Mungu alivyopanga. Shida ni kwamba siku hizi chumvi inapanda mbali kuliko zamani. Kuna watu walikuwa wanalima mpunga kule juu, chumvi imewafuata mpaka shambani."

Nikamwuliza, "Kwani bahari imezidi nguvu, mzee?"

Akaniangalia kama anayemwonea huruma mtoto wa mjini. "Bahari haina kosa, mwanangu. Kazi yake kusukuma, na itasukuma tu. Mto ukija na nguvu, vinasukumana, vinaheshimiana. Mto ukija mnyonge, bahari inaingia ndani kama mwenye nyumba. Wewe usiulize bahari imefanya nini. Uliza maji ya mto yamekwenda wapi."

Wapendwa, mimi kijana wa Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na kwaya, nilihubiriwa na mzee wa Kiislamu ndani ya boti, na hata hakujua kama anahubiri.

Maji ya mto yamekwenda wapi? Turudi kwenye jiografia kidogo. Mto Pangani unaanzia mbali, kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro na mlima Meru. Maji yanashuka kwa mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, yanakutana katika bwawa kubwa linaloitwa Nyumba ya Mungu. Ndiyo, hilo ni jina lake halisi. Kutoka hapo mto unasafiri kwenda kusini-mashariki hadi Hale, mpaka baharini.

Njiani kila mtu anauhitaji. Mkulima wa mlimani anafungua mfereji amwagilie migomba. Tambarare kuna mpunga, miwa, mboga. Mabwawa yanazuia maji tupate umeme. Miji inavuta maji ya kunywa. Hakuna hata mmoja aliyekaa akapanga, "Ngoja niukaushe mto Pangani." Kila mfereji ukiuangalia peke yake una sababu nzuri tu. Lakini ukijumlisha mifereji yote, mto unafika pwani umechoka, na mkulima wa chini ambaye hajafungua mfereji wowote anakuta mpunga wake umekufa kwa chumvi.

Sasa niwaambie mifereji yangu.

Sikuamka siku moja nikaamua kuwa mwizi. Nilipoanza kazi, nilianza kwa kuacha sala ya jioni, maana nikifika nyumbani nimechoka. Najinyoosha na simu, najiambia nitasali nikimaliza kuangalia kitu kimoja tu, nashtuka saa sita usiku. Mfereji wa kwanza. Halafu nikaacha jumuiya ya Jumamosi asubuhi kwa sababu kuna kazi ya ziada inalipa. Wa pili. Majilio ikaja, padre akatangaza kitubio, nikasema nitaungama Krismasi ikipita, foleni ni ndefu. Wa tatu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichonifanya nijione mtu mbaya. Nje nilikuwa yule yule. Hata wakati wa uchaguzi wa viongozi wa vijana walinichagua mweka hazina, wakasema huyu ni mwaminifu.

Kisha mwenzetu mmoja akapata ajali ya bodaboda, akavunjika mguu. Tukachangishana. Hela zilikuwa zinatumwa kwenye simu yangu, zikafika laki tatu na ishirini. Wiki hiyo hiyo mwenye nyumba alikuwa ananidai kodi. Nikampelekea mgonjwa laki moja na arobaini, nikamwambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, hizi ndizo zilizopatikana." Alinishukuru mpaka machozi yakamlenga. Laki moja na themanini nikalipia kodi.

Nilijiambia nimekopa. Mshahara ukitoka narudisha. Mshahara ukatoka, nikakuta una wenyewe. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Mwenzetu akaanza kuja kanisani na gongo, akiniona ananipungia mkono. Ndiyo maana nilikuwa nainama wakati wa Komunyo. Nilikuwa nainama nisimwone akipita.

Kwa muda wote huo nililaumu bahari. Nilisema maisha ya mjini ni magumu. Nilisema vijana wa siku hizi tuna vishawishi vingi, mitandao, madeni, tamaa. Ni kweli vipo. Lakini bahari imekuwepo siku zote na kazi yake ni kusukuma. Chumvi haikunivamia usiku mmoja, ilipanda polepole kujaza nafasi ambayo maji matamu yaliiacha.

Najua kuna atakayeuliza: mbona Bwana wetu alituita chumvi ya dunia, Mathayo 5:13? Sawa kabisa. Chumvi kwenye mboga ni baraka. Chumvi ile ile kwenye shamba la mpunga ni msiba. Hapa nazungumzia hiyo ya pili.

Kabla hatujageuza boti, mzee alisogea kwenye mikoko akashika tawi la mti mmoja. "Huu unaitwa mchu. Chuma jani, ulambe juu yake." Nikalamba. Chumvi tupu! Tena ukiliinamisha jani juani unaona chembe zinang'aa.

"Mti huu umesimama kwenye maji ya chumvi maisha yake yote," akasema. "Inapanda kwenye mizizi hata ufanyeje. Lakini wenyewe haukai nayo. Unaitoa kwenye majani, mvua na upepo vinaichukua. Ndiyo maana uko hai."

Sikusema kitu. Nililiweka lile jani ndani ya kitabu changu cha sala. Bado lipo.

Tulirudi Tanga jioni. Jumapili nikainama tena kama kawaida. Jumanne ya wiki ya nne nilikwenda Misa ya jioni, nilijikuta tu nimekwenda. Somo la kwanza likaanza, Ezekieli sura ya 47. Nikashtuka kama mtu aliyeitwa jina.

Lisomeni nyumbani, ni zuri mno. Nabii anaonyeshwa maji yakitoka chini ya kizingiti cha hekalu, yaani nyumba ya Mungu. Maji ni kidogo, yanafika kwenye vifundo vya miguu. Mbele kidogo yanafika magotini. Mbele tena kiunoni. Mwisho ni mto ambao hauwezi kuvukwa kwa miguu. Unashuka hadi kwenye bahari ya chumvi, na maji ya bahari yanaponywa. Samaki wanakuwa wengi, wavuvi wanasimama kando, na miti inaota huku na huku, majani yake yakiwa dawa.

Niliona mambo mawili. La kwanza: mito yetu inapungua kadiri inavyotoka mbali na chanzo, lakini mto wa Mungu unazidi kuongezeka kadiri unavyokwenda. Neema haiishi njiani. Mtakatifu Yohane anatuambia kwamba ubavu wa Yesu ulipochomwa zilitoka damu na maji, na Kanisa tangu mwanzo limeona hapo Ubatizo na Ekaristi. Hekalu ni Yeye. Chanzo hakijakauka hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nimejifungulia mifereji.

La pili: mto ule haukimbii bahari. Unaingia humo humo. Kijana Mkatoliki hajaitwa kujificha na chuo, kazi, mtandao na siasa ili abaki msafi. Ameitwa aingie huko, ila aingie akiwa na maji. Swali la kila siku ni hili: hapa mdomoni, nani anambadilisha nani?

Halafu ikaja Injili, Yohane sura ya 5. Mtu ameugua miaka 38, amelala kando ya birika, na Yesu anamwuliza kama anataka kupona. Mnakumbuka alijibu nini? Hakusema ndiyo. Alianza kueleza: sina mtu wa kunitia majini, nikijaribu wenzangu wananitangulia. Mimi huyo! Miezi saba ya maelezo. Kodi, mshahara, foleni ya kitubio. Sikuwahi kujibu swali lenyewe.

Baada ya Misa nilimfuata padre nikamwomba kuungama. Ninayoyasimulia ni yangu, nina haki ya kuyasimulia. Yeye hawezi kuyasema kwa yeyote mpaka kufa.

Nikasema, "Padre, nilikopa hela za michango."

Akaniuliza, "Uliomba kwa nani?"

"Sikuomba."

"Basi tafuta neno lingine."

Kimya. Nilisikia feni inazunguka. Kumbe neno lenye herufi chache linaweza kuwa zito namna hii. Nikalisema: "Niliiba." Nilipolitamka nililia, na sikulia kwa aibu tu. Ilikuwa kama jani la mchu, kitu kinatoka.

Padre aliniondolea dhambi kwa jina la Kristo, na akanikumbusha ambacho Katekisimu inafundisha katika namba 1459: kuondolewa dhambi hakufuti madhara yake, na aliyeiba anapaswa kurudisha. Hela lazima irudi, nianze hata kidogo kidogo. Namna ya kuirudisha aliniachia. Kwenda kumwambia ukweli uso kwa uso nilichagua mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimemwibia hela na pia nilikuwa nimemdanganya, na alikuwa bado ananishukuru.

Nilikopa kwa dada yangu, safari hii kwa kuomba, nikaongeza akiba yangu. Nikaenda kwa mwenzetu na laki moja na themanini kamili. Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika gongo lake. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa ameandikiwa mazoezi ya mguu hospitali, alihudhuria mara chache akaacha, kwa sababu nauli na malipo vilimshinda. Akafikiri michango imeisha.

Mguu wake haujanyooka sawasawa hadi leo.

Niliomba msamaha. Alikaa kimya kitambo, akazihesabu zile hela, akaniambia, "Hela nimepokea. Mengine nipe muda."

Nimempa muda. Nilimweleza mwenyekiti wetu, nikaachia uhazina. Kuna wenzangu waliopunguza kuniamini, na wana haki. Sikuandika makala hii ili niwaambie kwamba ukiungama kila kitu kinanyooka. Mungu amenisamehe kabisa, hilo silitilii shaka. Lakini chumvi iliyokwisha kufika shambani kwa mtu mwingine inachukua muda kutoka, na mimi lazima nikae hapo nisaidie. Siku hizi kila Alhamisi naomba ruhusa kazini nampeleka kwenye mazoezi. Njiani hatuongei sana. Wiki iliyopita alinichekea kidogo nilipokosea njia. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, akasema, "Andika, ila jina langu acha."

Pasaka ile nilipokea Komunyo. Yeye alikuwa mbele yangu kwenye foleni, anatembea polepole. Sikuinama.

Kijana mwenzangu unayesoma hii kwenye simu yako, pengine kitandani saa tano usiku: huenda wewe hujaiba michango. Lakini huenda na wewe kuna Jumapili unainama. Nakuomba mambo matatu wiki hii.

Kwanza, kaa dakika kumi uhesabu mifereji yako. Usianze na dhambi kubwa, anza na vile vidogo vyenye sababu nzuri. Sala gani uliacha, na ulianza kuiacha lini?

Pili, nenda kaungame kabla hujapata maelezo mengine. Tena tumia neno lenyewe. Kama ni uongo, sema uongo. Kama ni uzinzi, sema uzinzi. Padre ameshasikia mengi, hatazimia.

Tatu, kama kuna kitu cha mtu mkononi mwako, hela, jina lake zuri ulilolichafua, ahadi uliyomdanganya, anza kukirudisha. Usisubiri uwe nacho chote.

Na ukipata nafasi, nenda Pangani. Simama pale mdomoni mwa mto maji yakipwa, uangalie maji ya mlimani yakiingia baharini baada ya safari ndefu. Halafu tafuta mchu, ulambe jani.

Tusali: Ee Bwana Yesu, kutoka ubavuni mwako maji hayajakoma. Funga mifereji tuliyoifungua kwa uzembe. Toa ndani yetu kilichopanda bila sisi kujua, na kile tulichokijua tukakinyamazia. Wale tuliowaumiza, uwaponye wewe, na utupe moyo wa kukaa karibu nao mpaka wapone. Amina.

Mama Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.

Muwe na wiki njema. Tumsifu Yesu Kristo!